Roda Mbili

Friji haikupita ngazi za nyumba yetu, Mkomani.
Tuliipima kwa futi ya fundi cherehani:
ngazi imekonda, friji imenenepa,
na punda aliyeileta kutoka gatini
kishageuka zake.

Famau akapanda sakafuni na roda moja,
akaifunga kwenye boriti iliyochomoza.
Wakavuta wanaume wanne.
Friji ikakaa kama iliyoposwa na ardhi.

Nikasema, "Ongezeni ya pili, ifungwe kwenye mzigo wenyewe."
Mimi, wa kidato cha tatu, mdaiwa wa ada,
nikachora kwa mkaa ukutani:
kamba mbili zabeba, kila moja nusu.

"Na hiyo nusu nyingine," akauliza Famau, "hulipwa na nani?"

Na urefu wa kamba. Kwa kila shubiri itakayopanda
utavuta shubiri mbili.
Kani haina msamaha,
ina mkopo.

Wakavuta wale wale wanne. Ikapanda.
Kufika usawa wa wikio Famau akasema ngojeni,
akafunga kamba, akaomba maji.

Pale juu friji ikatulia, nyeupe.
Hapana kinachokwenda.
Uzito waivuta chini, kamba zaivuta juu,
hakuna anayeshinda,
ila boriti ya mkandaa yalia kidogo, kwi, kwi,
peke yake.

Nikamtazama mama mlangoni,
mwaka wa pili wa ujane.
Watu husema: Somoe amekaa tu.

Amekaa tu!
Ningewachorea na hilo,
lakini mkaa ulinivunjikia mkononi.

"Vuteni," akasema mama. "Samaki wanaoza."