Siku Sabini na Tatu

Toledo, Ohio

Bi Halina Kuczmarski amekuja na bahasha ya kaki
iliyolala miaka minne ndani ya droo
pamoja na taa za Krismasi na betri zilizokufa.
Hakuwahi kuifungua. Aifungue ya nini?
Barua iliyokuja nayo ilisema mapafu ni safi,
na yeye ni mtu wa kuamini barua.

Mimi si wakili. Mimi ndiye ninayehesabu.
Picha ilipigwa tarehe tisa, mwezi wa tatu.
Leo ni ishirini na moja, mwezi wa tano.
Miaka minne imetimia, ikapita,
ikaacha juu siku sabini na tatu.

"Lakini nimejua juzi," anasema. "Alhamisi.
Daktari mpya, kijana, aliishika picha dirishani,
akanyamaza,
akaniuliza ni nani aliyeisoma."

Kivuli kilikuwapo tangu siku ile,
punje ya dengu chini ya ubavu wa kushoto,
kama mgeni aliyepiga hodi asiitikiwe.
Sasa ni ngumi.

Namweleza nilivyofundishwa:
kuna mwaka mmoja, unaanza pale unapojua.
Na juu yake kuna minne,
hiyo haikuulizi ulijua lini.
Inaanza jicho la daktari linapoteleza,
inatembea wewe umelala,
inatembea unakata kabichi,
inatembea unamzika Zygmunt
na kugawa makoti yake kanisani.

"Kwa hiyo mlango ulifungwa," anasema polepole,
"kabla sijaambiwa kwamba nyumba ina mlango."

Wangemsahaulia sponji tumboni
ningekuwa na la kumwambia.
Kwa kitu kilichoachwa mwilini sheria ina huruma kidogo.
Kwa kitu kilichoonwa kisionekane, haina.
Hilo sitalisema.
Halafu nalisema.

Husemwa wakati ni ukuta.
Mimi naona ni karani kama mimi:
ana kalamu, hana sikio.

Nahesabu tena mbele yake, kwa vidole,
nikitafuta sikukuu, Jumapili,
Februari ya siku ishirini na tisa,
chochote cha kuazima.
Februari hiyo ipo. Haisaidii.

Anakohoa ndani ya leso, anaikunja mara nne,
anairudisha bahasha mkobani kwa uangalifu
kana kwamba bado yaweza kuvunjika.
Anatazama saa yake.
"Mita ya maegesho imebaki dakika sita," anasema.
"Sitaki faini."
Na anaharakisha, mwanamke huyu,
anashuka ngazi akishika ukuta
ili asichelewe.

Kwenye fomu kuna kisanduku: sababu ya kukataa.
Naandika: amechelewa.
Nafuta.
Naandika: amecheleweshwa.
Nakaa nalitazama neno hilo refu
hadi simu inapolia.