Kilo Tatu

Gunia lile nililibeba mimi,
kutoka misheni, walikolipima kwanza,
hadi ghala la ushirika pale Mbokomu,
kamba ikinikata bega.

Mzani wa ushirika ukasema thelathini na tisa.
Akasimama. Yeye, aliyekuwa akitetemeka
hata kusoma matangazo kanisani,
Aikaeli Mlaki, kihamba cha ekari moja na robo,
mibuni mia mbili, ng'ombe wawili wa zizini.
Akavua kofia, akamtazama katibu usoni:
"Misheni nimetoka na arobaini na mbili.
Kilo tatu zimekwenda wapi?"

Katibu alifuta miwani kwa shati.
Akaifuta tena.
Kufikia Jumapili swali lilikuwa limeshuka hadi soko la Kiboriloni,
likapandishwa na akina mama vikapuni,
likarudi kwetu limenenepa;
watoto wakidaiana gololi: kilo tatu zimekwenda wapi?

Ndivyo alivyoanza. Mwenyekiti wa ushirika,
kisha diwani, kisha, mwaka ule bei ilipoanguka
na watu wakang'oa mibuni usiku, kwa aibu,
wakapanda nyanya,
mbunge.
Tulimsindikiza stendi ya Moshi na mkungu wa mshare
ili Dodoma isimsahaulishe mtori.
Viatu vyake vilikuwa na udongo wa kwetu pembeni.
Nikamwambia avifute.
Akasema, "Acha wauone."

Zamu yake ya maji, Jumamosi tangu jua kuchwa hadi alfajiri,
akaniachia mimi. Mfongo haumjui mheshimiwa:
usipofika na jembe, maji yanapita kwa mwingine.

Tukamsikiliza redioni. Alisema kahawa, alisema pembejeo,
alisema "mkulima" mpaka neno likaanza kung'aa
kama mpini ulioshikwa sana.
Akawa naibu waziri. Alipokuja
gari lilishindwa kona ya kwa Kisamo,
akapanda kwa miguu, akihema,
akaweka jiwe la msingi la bomba.
Bomba lilikohoa miezi miwili, likanyamaza.
Jiwe bado lipo; mbuzi wa Manka hulipanda
kufikia majani ya juu.

Siku hiyo ya jiwe mtu wa nyuma alinyoosha mkono:
"Mheshimiwa, zile kilo tatu ulizipata?"
Watu wakacheka. Naye akacheka,
ila macho yake yalinitafuta katikati ya umati,
nami nikainama kufunga kamba za kiatu.
Nilikuwa nimevaa ndara.

Kura za maoni alishindwa kwa kumi na nne.
Hakukata rufaa. Alirudi na mabegi manne
na meza ya kioo isiyopita mlangoni.
Ipo nje hadi leo, chini ya migomba.
Kuku wa Ndeshiwosia, mkewe, hulala juu yake.

Jumamosi moja, saa tisa usiku, nikiwa nageuza maji,
nikaona tochi. Ameshika jembe jipya,
karatasi ya duka bado imebandikwa.
"Zamu ya nani?"
"Yako," nikasema.
Akapiga matope mara tano, mara sita,
akamulika viganja. Malengelenge.
Tukakaa ukingoni, maji yakaenda
kwa mibuni iliyobaki, hayana haraka.

"Zilikuwa mbili na nusu," akasema.
"Nakumbuka."
"Mbili na nusu haisimami vizuri mdomoni."
"Karatasi ya misheni ninayo."

Hakuniuliza naificha wapi, wala kwa nini,
miaka yote hii.
Nusu kilo ya kahawa: mtoto huibeba
kwenye pindo la sketi, akirukaruka, bila kumwaga.

Akainuka, akaziba kwa udongo
mahali maji yalipovuja kuelekea kwangu.
Akasimama hapo.
Akapafungua tena, kidogo.