Inchi Kumi

Walikuja kabla ya kitanda chao.
Mbao zilikuwa zimepigwa randa tu, pale Keko,
mninga, futi tatu kwa mbili,
uchungu ukamshika Mwantumu saa nane usiku,
wiki ya ishirini na saba.

Kurwa, msichana, gramu mia tisa na kumi.
Doto, mvulana, gramu elfu moja kasoro ishirini.
Shangazi aliuliza swali moja kwenye simu:
"Wa kiume yumo?"
Yumo.
"Basi huyo msimhofie. Mwombeeni huyo wa kike."

Tukamwombea wa kike.
Jina lake tulilitanguliza usiku na alfajiri,
la kaka yake tukaliacha lijisimamie.

Wodini chupa za maji zilichemka bila moto,
bwabwabwa, bwabwabwa,
hewa ikisukumwa puani
kama mtu anayemsihi mgeni aingie ndani.
Siku ya kumi na tisa Kurwa akatolewa mrija.
Akapiga chafya. Akanuna. Akavuta mwenyewe.
Doto akabaki,
mbavu zikibonyea, zikiibuka, zikibonyea,
nami nikihesabu: sitini, sabini, themanini kwa dakika.

Nikainamia sanduku la joto
nikamwambia nilichoambiwa na baba,
na mwalimu, na ngariba:
Jikaze. Wewe mwanamume.

Sista Eufrasia akageuka, sindano mkononi.
"Baba Doto, neno hilo liache mlangoni na viatu.
Humu wa kiume ndio tunaokesha nao.
Mapafu yao hukawia. Ule utelezi
unaozuia vifuko vya hewa visinatane,
dada huupata mapema, kaka yuko nyuma.
Si uvivu, si laana.
Kwa nini hasa, yote hatujayajua."
Kisha akanusa shati langu.
"Na hilo vumbi la mbao, nenda ukaoge."

Nikaoga.
Nikarudi, nikafungua vifungo,
wakamlaza kifuani pangu, ngozi kwa ngozi,
mwanamume mwenye uzito wa kopo la gundi.
Miaka thelathini na minne nimekaza:
skrubu, meno, moyo.
Sikujua kulegea nako ni kazi.
Nikalegea. Akavuta.
Nikalegea tena.

Sasa wana miezi minane, Mbagala.
Mashine ya oksijeni inanguruma sebuleni,
inakula Luku kuliko friji la jirani muuza barafu.
Kurwa anatambaa, anaukamata mrija wa kaka,
anauvuta, anauonja,
anataka kujua huko ndani kuna utamu gani.
Shangazi haulizi tena nani wa kiume.
Hututumia tokeni za umeme,
tarakimu ishirini, bila salamu.

Umeme ukikatika usiku, huamka kabla mashine haijalia.
Naweka sikio kwenye kifua kidogo:
mluzi mwembamba,
randa butu juu ya mninga mbichi.
Simwambii ajikaze.
Naunganisha mrija kwenye mtungi, kwa kupapasa,
nangoja midomo irudi rangi yake
katika mwanga wa simu.

Kile kitanda nilikimaliza.
Si futi tatu tena. Upande wa Doto
niliongeza inchi kumi,
mahali pa kusimama mtungi.