Saba Mara Nane

Daktari wetu ni binti mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu.
Jumanne ya kliniki alituweka benchi moja,
mimi na Sechelela,
bila kujua.
"Mioyo yenu imechoka kukaa," alisema.
"Pandeni mlima. Taratibu, kwa mwendo wa mazungumzo.
Ukishindwa kumaliza sentensi, simama."

Mwendo wa mazungumzo!
Na sisi miaka kumi na moja hatujapeana hata mbukwa.

Ni ile bikoni. Wapima walikuja mji ulipoanza kutanuka,
wakaichomeka, wakaondoka,
na asubuhi moja ilikuwa imeingia kwangu hatua tatu.
Sikuiona ikitembea.
Tukapanda minyaa, kila mtu safu yake,
hata kuku wetu wakaujua mpaka.

Basi tukaupanda Mlimwa, mimi mbele, yeye nyuma,
giza halijaisha, upepo wa Julai
ukipekua kanga zetu kama askari wa forodha.
Kwa kuwa sikuwa na wa kusema naye
nikaipima pumzi kwa kazi yangu ya zamani:
sita mara tatu, kumi na nane,
sita mara nne, ishirini na nne.
Miaka thelathini na minne ya chaki haitoki mdomoni.
Nyuma yangu nikamsikia naye akipima yake:
"Zabibu tamu, zabibu za Hombolo, sahani mia mbili,"
kwa sauti ya chini, kama anayeyauzia mawe.
Pimbi wakatuchungulia toka mwambani.
Ungetuona ungesema bibi wawili wamerukwa na akili,
na usingekosea sana.

Penye jiwe lenye mgongo wa ng'ombe njia inasimama wima.
Moyo ukaanza kubisha hodi
kooni, masikioni, kwenye meno ya bandia.
Saba mara sita, arobaini na mbili.
Saba mara saba, arobaini na tisa.
Saba mara nane,
saba mara

Nikaushika mkole. Jibu nilikuwa nalo, pumzi sikuwa nayo.

"Hamsini na sita," akasema Sechelela.

Neno la kwanza katika miaka kumi na moja,
na lilikuwa sahihi.

Nikakaa. Akakaa. Kati yetu chupa ya maji.
Nilipoweza kusema nikamwuliza alikojifunzia,
maana najua hakukanyaga darasa.
"Chini ya dirisha lako," akasema,
"nikiuza zabibu. Ulidhani nasikia nini mchana kutwa?
Chenji sijawahi kukosea, Mwalimu."

Akanishika kifundo cha mkono, akahesabu,
midomo ikicheza, macho
kwenye saa ya marehemu mumewe.
"Mia moja na nne. Tukae mpaka themanini."

Tukakaa. Jua likachomoza upande wa Kongwa,
mabati ya mji yakawaka moja moja.
Tulizitafuta nyumba zetu kwa kidole.
Minyaa niliiona, au labda ni kivuli.
Bikoni, hapana.

Hatukufika kileleni siku ile, wala wiki ile.
Sasa ni mwezi wa nne. Miguu yangu haivimbi jioni.
Chumvi ya mlenda nimepunguza, nalalamika kila siku,
naye hunisikiliza mpaka mwisho:
si daktari alisema tuongee?
Tunaongea. Dada yake wa Mpwapwa, vidonge
vinavyokausha mdomo, bei ya uwele,
na zile hatua tatu.

Ni zangu. Nimemwambia leo, juu kabisa,
sentensi nzima, bila kusimama.
Akacheka hadi ikambidi akae.
Nikamshika mkono, nikahesabu.
Pumzi ilipomrudia akasema,
"Kesho tuanze na ya kumi na mbili."