Saa Moja Mbili

Kwa lugha yetu kuna saa moja mbili:
ya jua kuchungulia juu ya mawe ya Mabatini,
na ya taa za wavua dagaa kuwaka moja moja majini.
Sikuwahi kuzitilia maanani
mpaka walipokwisha kunitoa mfuko wa mayai
na kunipa kopo la vidonge kwa saratani iliyobaki.
Hizo mbili, wakasema, ndizo zako sasa.

Asubuhi viwili, jioni viwili.
Unameza kizima. Usitafune, usiponde kwenye kijiko
kama unavyowafanyia wajukuu.
Seli mbovu ikichanika, dawa hii
inainyima sindano ya kujishonea.
Mfamasia aliyenieleza anaitwa Rweyongeza.
Akacheka mwenyewe: Mama Kwandu,
jina langu linaongeza, ila mimi nakukataza.

Miaka ishirini na sita napima dagaa Mwaloni.
Sado ikifurika, mkono bado unashuka guniani,
unachota, unamwaga juu:
nyongeza hiyo, urudi kesho.
Mkono huu hauamini
kitu kinachoishia kwenye kipimo.

Siku ile umeme ulikatika tangu mchana,
simu ikazima na kengele yake,
mvua ikanikuta navuta turubai juu ya magunia.
Nilipokumbuka ilikuwa saa tano usiku. Nikalala, sikulala.
Asubuhi nikatoa viwili.
Mkono ukarudi koponi, ukatoa viwili vingine.
Vya jana. Deni.
Nilivitazama vinne kiganjani,
maji yako kwenye kikombe,
nikampigia Rweyongeza kwanza.
Alikuwa anapiga mswaki, nilisikia.
Viwili tu, akasema. Vya jana vimekwenda na jana.
Dawa hii haikopeshi, mama.

Mkwe wangu Limi ana mimba ya miezi sita.
Chai ataniletea, maji ataniletea,
kopo haligusi.
Mara ya kwanza alidhani nimemnunia.
Nikamwambia mikono yako ni ya watu wawili,
akaitazama, akaificha ndani ya khanga.

Wifi yangu Nyamumwi kashuka kwenye kivuko cha Ukerewe
na kapu: machungwa juu, mabalungi chini,
katikati, ndani ya gazeti, magome ya mti
asioutaja jina.
Machungwa tumekula.
Mabalungi kwa jirani, maana yanagombana na vidonge.
Magome nimeyapeleka kliniki na gazeti lake.
Daktari akanusa, akageuza, akasema: sijui,
na kwa kuwa sijui, usinywe.
Nilimpenda kwa ile sijui.
Nyamumwi hakumpenda. Bado hajaniuliza tena.

Kila mwezi napanda Bugando kutoa damu.
Mwezi wa tatu nilijua kabla ya karatasi:
ngazi zilikuwa zimeongezeka.
Damu pungufu. Wakaisimamisha dawa.
Wiki tatu saa moja zikapita mikono mitupu,
nikawa nashika tumbo usiku
kama mtu anayesikiliza ukutani
kama majirani wamelala.
Kisha wakanirudishia, kipimo kidogo kuliko kile,
na mimi, muuza dagaa,
nikahisi nimepunjwa.
Nikataka kumwambia mtu: mbona sado haijajaa?
Rweyongeza akaandika kipimo kipya ubavuni mwa kopo
kwa kalamu nene, akapigia mstari.

Jana jioni sokoni, mteja kainama,
mfuko wazi, macho kwenye mkono wangu.
Simu ikalia.
Nikaweka sado chini. Nikanawa,
maana chumvi na magamba havina kazi na hiki,
nikatoa kilichoandikwa, nikameza na maji,
nikafunga kopo mpaka likalia tak.
Mama, nyongeza yangu?
Ngoja kwanza.
Nichefuchefu kidogo, kisha ikatulia.
Upepo ulikuwa unatoka ziwani na harufu ya dagaa wabichi.
Nikanawa tena.
Nikashusha mkono guniani, nikamjazia konzi,
na nyingine juu yake.