Sera ya Moto, Toleo la Pili

Methali inasema pafukapo moshi pana moto.
Moto wa Pongwe haukuijua methali.
Ulikaa siku tisa tumboni mwa lundo namba tatu
kama moto wa makumbi uani kwa bibi,
juu majivu, chini jicho jekundu,
nasi tukapita kando tukitafuna mihogo ya kukaanga,
tukisema: leo kuna joto.

Makaa yalitoka kusini kwa malori,
yamelowa mvua za njiani,
yakamwagwa juu ya makaa ya zamani
mpaka yakapita paa la ghala.
Nani alisema yapandishwe?
Faili linajibu: yalipandishwa.

Usiku wa kuamkia Jumatatu lundo likapasuka.
Ufunguo wa pampu ulikuwa mfukoni mwa mtu wa stoo,
na mtu wa stoo alikuwa matangani, Muheza.
Gari la zimamoto likaja mbio kutoka mjini, Mungu awalipe,
mpira wao na bomba letu vikatazamana
kama wakwe walioshindwana mahari:
mdomo huu inchi mbili na nusu, ule tatu.
Nassoro Semkiwa akapanda shoveli peke yake,
akalichimbua lundo, akalitandaza chini fungu kwa fungu,
mpaka vyuma vikamchuna viganja.
Ripoti ikasema: mfanyakazi mmoja aliathiriwa.

Mimi ni karani. Kazi yangu kupiga chapa.
Nilipewa sera ya zamani, kurasa kumi na nne,
nikaambiwa: iboreshe, weka nembo mpya.
Nikaisoma kwa sauti, mlango nimefunga.
Hatua zitachukuliwa.
Vifaa vitakaguliwa.
Maji yatahakikishwa.
Ukurasa baada ya ukurasa, w, w, w,
kiherufi kidogo chenye mabonde mawili,
na kampuni nzima imejificha humo,
wakubwa bonde la kwanza, sisi la pili.

Basi nikaanza kuing'oa.
Vitakaguliwa na nani?
Nikampigia simu Tatu Kilua wa zamu ya alfajiri.
"Andika jina langu," akasema, "lakini andika na kipimajoto,
kile kirefu cha kuchoma ndani.
Kiganja changu kimeshastaafu."
Nikaandika: Tatu atachoma kipimajoto mita mbili ndani,
saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na moja jioni.
Ikifika sitini, Nassoro anawasha shoveli;
hangoji kikao.
Nikaandika: ufunguo utaning'inia ukutani nyuma ya kioo,
wala hautakwenda msibani.

Meneja Mbwambo akasoma, kalamu nyekundu mkononi.
"Majina mengi mno. Watu huhama. Watu hufa."
Nikasema, ndiyo, bosi. Ndiyo maana.
Akanyamaza, akageuza karatasi.
Pale palipobaki *fedha za mipira mipya zitatengwa*
(hiyo nilimwachia makusudi)
akakaa nayo mpaka chai ikapoa.
Kisha akakata, akaandika juu yake kwa mkono: Nitatenga.
Hakuweka tarehe.
Kesho nitarudi kuifuata tarehe.

Zoezi la kwanza lilikuwa aibu, dakika kumi na tisa;
king'ora kililia, watu wakapanga foleni kantini.
La pili, kumi na moja.
Nassoro alisimama pembeni akihesabu,
saa ameivaa juu ya bandeji.
"Bado," akasema. "Mimi nilishika vyuma kwa dakika sita tu."

Leo mvua inanyesha tangu usiku.
Tatu ameniletea daftari, limelowa pembeni:
arobaini na nane. Hamsini na moja. Hamsini na nne.
Ametia sahihi kila mstari, jina zima, bila mkato.
Nachungulia dirishani. Lundo jipya halifuki moshi.
Nachukua mwavuli.
Ndiyo maana tunakwenda kulitazama.