Kiziwa Kisicho na Jina

Karatasi inasema: kiziwa nambari 2809.
Jina: hakuna. Kina: hakijulikani.
Mara ya mwisho kutiwa vifaranga: hakuna kumbukumbu.
Mvuvi wa kujitolea: Delphine Ouellette,
tarishi mstaafu, goti la kushoto hulia kabla ya mvua.

Maili nne kutoka pale gari lilipogoma.
Njia ya wakata magogo imemezwa na misonobari michanga,
Remi mbele na dira,
mimi nyuma na boti ya kupuliza mgongoni,
kobe anayehama.
Visubi wa Maine hawana adabu mwezi wa Juni:
huingia sikioni bila hodi.

Armand aliniambia humu mna trauti.
Aliniambia mengi, Armand.
Kwamba ameacha sigara. Kwamba paa litavumilia msimu mmoja zaidi.
Samaki wake walinenepa kila Krismasi;
mwaka alioaga, yule wa kiziwa hiki
alikuwa ameshafika kiwikoni.
Niliolewa na tepu ya mpira.

Kanuni ni hizi: mishipi miwili, saa tatu, chambo hai marufuku.
Ukimnasa, usimweke nje ya maji
kupita pumzi yako mwenyewe.
Kata ncha ya pezi, kama ukucha wa mtoto mchanga,
itie bahashani, mrudishe.
Huko maabara watamsoma nasaba:
ni mzawa wa ndoo za serikali,
au wa barafu ile iliyoondoka zamani
kabla hajapatikana mtu wa kudanganywa.

Saa ya kwanza, upepo.
Saa ya pili Remi akanasa kijiti, akakiomba radhi.
Kiziwa kiziwi. Nakibembeleza kwa unyoya wa jogoo,
kwa uzi mwekundu, kwa matusi ya Kifaransa ya mama yangu.
Mvumilivu hula mbivu, sawa,
lakini aliyesema hivyo hakukalia boti inayovuja.

Zimebaki dakika kumi. Kando ya jabali,
duara.
Maji yalifumbua, yakafumba.
"Umeona, bibi?"
"Nimeona."
"Yule ni..."
"Ni duara, Remi."
Huenda chura. Huenda mdudu. Huenda kiwiko cha Armand.
Nilitupa ndoano pale mara thelathini na moja.

"Andika mmoja," Remi akasema. "Nani atajua?"
Miaka ishirini na tisa nimebeba barua za watu,
za mapenzi, za madeni, moja yenye harufu ya mwanamke
iliyoandikiwa nyumba yangu mwenyewe.
Sikufungua hata hiyo.

Nikaandika sifuri.
Chini, kwenye Maelezo:
duara moja, saa nane na dakika hamsini,
kaskazini mwa jabali. Mtu arudi.

Penseli ilikuwa butu. Sifuri ikatoka nene,
imebonyea upande, kama yai
lililolala kwenye changarawe,
na Remi akaikunja karatasi taratibu
asilivunje.